Kurudi Nyuma Si Kushindwa: Safari, Mlango na Msiba katika Gemu za Kuvumbua Njia

UTANGULIZI

Katika semina moja ya fasihi simulizi mwaka jana, mwanafunzi mmoja aliuliza kama gemu za kompyuta zinaweza kuhakikiwa jinsi tunavyohakiki ngano. Darasa likacheka. Mhadhiri naye alitabasamu, akajibu kwamba fasihi ni sanaa itumiayo lugha na gemu ni mchezo wa vidole, kisha tukaendelea na vitendawili. Mwanafunzi yule alikuwa mimi. Siku ile sikuwa na jibu, na kusema kweli niliumia, maana swali halikuwa la mzaha. Makala haya ni jibu langu, japo limechelewa.

Ndugu msomaji, sikusudii kudai kwamba gemu ni fasihi. Dai hilo linaweza kusubiri watu wenye digrii zaidi yangu. Ninachotaka kuonyesha ni kidogo zaidi: kwamba iko aina moja ya gemu ambayo mvuto wake hauelezeki vizuri kwa kusema tu kwamba "zinachangamsha", na kwamba zana tulizo nazo darasani, yaani fani na maudhui, motifu ya safari, fanani na hadhira, zinaueleza mvuto huo vizuri kuliko tunavyodhani. Nitajadili kazi mbili hasa: Hollow Knight (2017) na Tales of Kenzera: Zau (2024). Ya kwanza nimeichagua kwa sababu ya fani yake. Ya pili, nitasema mbele kwa nini nimeichagua.

GEMU ZENYEWE NI ZIPI?

Nianze na wale ambao hawajawahi kushika pedi. Wengi tunaijua Super Mario Bros. ya kampuni ya Nintendo, iliyotoka mwaka 1985. Mario anakimbia kwenda kulia, anaruka mashimo, anakanyaga maadui. Akishapita mahali, pamepita. Skrini haimruhusu kurudi kushoto. Mwaka uliofuata, 1986, kampuni hiyohiyo ikatoa Metroid. Mchezaji aliyezoea Mario anaianza kwa kwenda kulia, na baada ya muda mfupi anakwama kwenye upenyo mwembamba asioweza kupenya. Kumbe kile kitu cha kumwezesha kujikunja kama mpira kilikuwa upande wa kushoto, hatua chache tu kutoka pale alipoanzia. Somo la kwanza la Metroid ni kwamba kurudi nyuma si kushindwa.

Mbegu ile ilikua. Mwaka 1997 ikatoka Castlevania: Symphony of the Night ya kampuni ya Konami, na kutokana na majina ya gemu hizi mbili wachezaji wakaunda neno metroidvania. Sifa zake ni hizi: ulimwengu mmoja uliounganika, milango mingi iliyofungwa, na mhusika anayepata uwezo mpya kidogo kidogo. Leo huwezi kuufikia ukingo ule wa juu. Kesho utajifunza kuruka mara mbili hewani, utaukumbuka ukingo ule, utarudi.

Baadaye tanzu hii ikachukuliwa na watengenezaji huru, watu wachache wasio na mtaji mkubwa. Mjapani Daisuke Amaya aliitengeneza Cave Story peke yake kwa miaka mitano na akaigawa bure mwaka 2004. Thomas Happ wa Marekani alifanya vivyo hivyo na Axiom Verge (2015): michoro yeye, muziki yeye, programu yeye. Hollow Knight ni kazi ya kikundi kidogo cha Adelaide, Australia, kiitwacho Team Cherry. Nadhani si bahati tu kwamba wadogo waliipenda tanzu hii. Asiye na fedha za kujenga miji mia anaweza kujenga mji mmoja na kumfanya mgeni aupite mara kumi, na kila mara auone mpya. Bibi zetu walifanya hivyo kwa kijiji kimoja, sungura mmoja na fisi mmoja.

MTOTO WA MPAKANI

Hapa naomba nijiingize mwenyewe, maana mhakiki hatoki hewani.

Nimezaliwa Tunduma. Mkoa wa Songwe ulipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016 nilikuwa bado shule ya msingi, na kwetu sisi watoto mabadiliko yalikuwa madaftari ya kuandika "Mkoa wa Songwe" badala ya "Mkoa wa Mbeya". Asiyefika kwetu anadhani mpaka ni ukuta. Si hivyo. Tunduma na Nakonde ya Zambia ni kama mji mmoja uliokatwa katikati. Unatoka upande huu na shilingi, unarudi na kwacha, na Kinyamwanga kinasemwa huku na kule. Kwenda Nakonde kununua kitu na kurudi si safari. Lakini mbele ya Nakonde barabara ileile inabadilika. Inataka pasipoti, inataka nauli, inataka sababu. Kwa hiyo mtoto wa Tunduma anajua mapema jambo ambalo wengine hulijua ukubwani: mahali panaweza kuonekana, pakasikika, watu wakapitishwa mbele ya macho yako kwenda huko, na wewe usiwe na kile kinachofungua.

Baba yangu alikuwa na kile kinachofungua. Alikuwa dereva wa lori. Akirudi nyumbani hakuwa na ngano za sungura, alikuwa na njia. Alizitaja sehemu kwa mpangilio, kama mtu anayesali: Nakonde, Isoka, Chinsali, Mpika, Serenje, Mkushi, Kapiri Mposhi, mpaka Ndola, Chingola na Kasumbalesa kwenye mpaka wa Kongo. Hapa kuna mteremko mbaya. Pale usilale. Pale mama mmoja anapika vizuri. Mimi na mdogo wangu tulikuwa tunamkosoa akiruka kituo. Ramani nzima ile tulikuwa nayo kichwani na hatukuwa tumeiona hata kilomita moja. Alifariki nikiwa kidato cha pili. Mpaka leo ninapoandika, sijavuka Nakonde.

Gemu nilizijulia kwenye kibanda mtaani Sogea: luninga mbili, PlayStation 2 mbili, benchi moja, wateja kumi. Mchezo mkuu ulikuwa mpira. Gemu za kutafuta njia zilikuwepo kwenye diski lakini mwenye kibanda hakuzipenda, na sababu yake ilikuwa ya kiuchumi kabisa. Mpira una dakika zake. Ukiisha, mwingine anakaa. Anayetafuta mlango hana dakika. Nakumbuka kijana mkubwa akisimama nyuma yangu:

"Dogo, hapo hapapitiki. Rudi ulikotoka, kuna kitu umekiacha."

"Kaka, nikirudi hela yangu inaisha."

"Basi kaa hapohapo uitazame."

Nilikaa nikaitazama mpaka muda ukaisha. Miaka mingi baadaye, chuoni, niliicheza Hollow Knight kwenye kompyuta ya mwenzangu wa chumbani, bila mtu wa kunihesabia dakika. Ndipo nikajua kwamba kule kupotea, nilikokuwa nikikulipia kwa hofu, ndiko kulikokuwa utamu wenyewe.

FANI: HOLLOW KNIGHT NA RAMANI YA MIGUU

Hollow Knight inahusu mdudu mdogo asiyesema neno, mwenye kijisu kinachoitwa msumari, anayeshuka katika magofu ya ufalme wa wadudu uitwao Hallownest. Nani aliuangusha ufalme huo? Hauambiwi. Unasoma vibao vilivyochongwa, unasikiliza wazee wawili watatu waliobaki, unaona mizoga. Msuko haupo mbele yako kama katika riwaya. Umevunjwa vipande na kutawanywa mahali. Mtaalamu wa Kimarekani Henry Jenkins aliliona hili mwaka 2004 aliposema kwamba mtunzi wa gemu anafanana zaidi na msanifu majengo kuliko msimulizi: anapanga nafasi, nafasi ndiyo inayosimulia.

Tazama ramani. Katika gemu nyingi ramani unapewa. Katika Hollow Knight unaingia eneo jipya ukiwa kipofu kabisa. Mahali fulani humo yumo mchora ramani aitwaye Cornifer. Unamtambua kwa sauti yake akijiimbia na karatasi zilizotapakaa chini. Ukimpata anakuuzia mchoro ambao haujakamilika. Ukitaka kuukamilisha lazima ununue kalamu, utembee mwenyewe, kisha ukae kwenye benchi ya kupumzikia. Hapo tu ndipo ulipopita pataandikwa. Kwa maneno mengine, kuna ramani ya kuambiwa na kuna ramani ya miguu, na gemu inakataa kuzichanganya. Mimi niliyelelewa na ramani ya kuambiwa, jambo hili lilinigusa mahali.

Tazama pia kifo. Ukifa, fedha zako zote zinabaki pale ulipofia, zikilindwa na kivuli chako mwenyewe. Unaamka mbali. Ukizitaka, unarudi kupigana na wewe wa jana. Ukifa tena kabla hujafika, zimepotea moja kwa moja. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Sidhani kama nimewahi kuona methali hiyo ikitendwa kwa uwazi zaidi ya hapa.

Sasa turudi darasani. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi iliyotoka kwenye Mulika, alitufundisha kwamba fasihi simulizi si maneno tu bali ni tukio: ina fanani, hadhira, fani inayotendwa, mahali na wakati, na vyote hivi vinaathiriana. Nami nauliza: ni utanzu gani wa kisasa unaotimiza masharti hayo kuliko huu? Hakuna Hollow Knight bila mtu kuitenda. Mchezaji ni hadhira kwa kuwa hadithi inamjia kutoka kwa mwingine, na ni fanani kwa kuwa bila mkono wake haisogei. Watu wawili wakiicheza hawapati mfuatano uleule, kama ambavyo bibi wawili hawatambi ngano ile sawasawa. Mnorwe Espen Aarseth aliandika mwaka 1997 juu ya matini ambazo msomaji lazima azifanyie kazi ya ziada ili azipite. Wanaosoma fasihi ya Kiswahili hawapaswi kushtuka. Tayari tunayo riwaya ya Kezilahabi iitwayo Mzingile (1991), na mzingile maana yake ni njia za kupotezana. Wangapi kati yetu tuliianza, tukapotea, tukarudi mwanzo? Na waliorudi ndio walioipenda.

Hapa ndipo ninapoliona jibu la swali la mvuto. Watu husema gemu hizi zinapendwa kwa sababu ya mambo mapya. Nakataa. Mambo mapya yamo hata katika Mario. Mvuto wa gemu za kuvumbua njia upo katika mambo ya zamani: ule ukingo ulioushindwa saa tatu zilizopita, uliousahau nusu, ambao sasa unaupita bila kutafakari. Mahali hapajabadilika. Aliyebadilika ni wewe, na mahali ndipo panapokupa ushahidi. Yeyote aliyerudi kijijini akakuta mto aliouogopa utotoni unamfika magotini anajua ninachosema.

MAUDHUI: ZAU NA BABA

Nilisema nitaeleza kwa nini nimeichagua Zau. Tales of Kenzera: Zau ilitoka Aprili 2024. Aliyeiongoza ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, kupitia studio yake Surgent Studios, ingawa mchapishaji wake ni kampuni kubwa ya Electronic Arts. Salim alifiwa na baba yake na amesema hadharani kwamba kazi hii imetokana na msiba huo. Aprili 2025 ilipata tuzo ya BAFTA kwa gemu zinazovuka mipaka ya burudani. Na inasemwa kwa Kiswahili. Si vijineno vya kupambia. Unachagua Kiswahili na wahusika wote wanaongea Kiswahili.

Muundo wake ni hadithi ndani ya hadithi. Zuberi, kijana wa mji wa kubuni uitwao Amani, amefiwa na baba. Anapewa kitabu ambacho baba alimwandikia. Ndani ya kitabu yumo Zau, mganga kijana, naye amefiwa na baba. Zau anamwita Kalunga, mungu wa mauti, na kumpa ahadi: nitakuletea mizimu mitatu mikubwa iliyokukataa, wewe unirudishie baba yangu. Kalunga anakubali, kisha anafuatana naye njiani kama mzee anayemwonyesha kijana njia.

Nguvu za Zau zinatokana na barakoa mbili alizorithi, ya Jua na ya Mwezi. Kwa ile ya Mwezi, baadaye anaweza kugandisha maji, na maporomoko yaliyokuwa kizuizi yakawa ukuta wa kupandia. Huu ndio ufundi wa metroidvania uliojadiliwa hapo juu, lakini sasa umepewa maana: kila mlango unafunguliwa na kitu ulichoachiwa na marehemu. Pia ipo mibuyu ambapo Zau hukaa chini na kuzungumza na Kalunga juu ya huzuni yake, na akiinuka uhai wake umeongezeka. Sijawahi kuona gemu inayomzawadia mtu kwa kukaa matangani.

Nizungumzie neno moja tu, "baba". Katika toleo la Kiingereza Zau husema Baba, na neno linasikika kama kitambaa cha kitenge kilichoshonwa kwenye suti: zuri, lakini limekuja kuonyesha kwamba huyu ni Mwafrika. Katika toleo la Kiswahili neno ni lilelile, sauti ni zilezile, na mapambo yametoweka. Limebaki kuwa baba. Niliposikia kijana akimwita baba asiyeitika, kwa lugha niliyomwitia wangu, niliiacha pedi mezani nikatoka nje ya chumba. Sisemi hivyo kama hoja ya kitaaluma. Nasema ili msomaji ajue mhakiki amesimama wapi anapoanza kutoa lawama.

DOSARI

Maana lawama zipo.

Kwanza, kuna mgongano kati ya fani na maudhui. Zau inahusu kupotelewa, lakini mchezaji hapotei. Njia imenyooka mno. Ramani inakuonyesha uende wapi. Mara chache sana unalazimika kurudi kwa kumbukumbu yako mwenyewe. Aliyefiwa hatembei hivyo. Aliyefiwa anazunguka, anarudi mlango uleule mara tatu akidhani umefunguka. Hollow Knight, ambayo haikujengwa juu ya matanga ya baba, inaijua hali hiyo kwa miguu, wakati Zau inaijua kwa mdomo. Tumefundishwa kwamba fani na maudhui ni kama pande mbili za sarafu. Hapa kila gemu imeshika upande mmoja, na nimejikuta natamani mtu aziyeyushe zote mbili aunde moja.

Pili, mseto wa mila. Kalunga ni jina la watu wa Kongo na Angola. Impundulu, ndege wa radi, ni wa Waxhosa na Wazulu. GaGorib ni wa Wakhoikhoi. Na Zuberi ni jina la Waswahili. Wote wamewekwa katika nchi moja. Mwanzoni nilitaka kulikubali hili, kwa kuwa mimi ni wa Tunduma na mseto ndio chakula chetu; Kiswahili chenyewe ni lugha ya kukutanisha watu. Lakini mpakani kwetu kila mtu anajua nani Mnyamwanga, nani Mnyiha, nani Mndali, na utani wetu unategemea kujua hivyo. Mseto unaopoteza majina ya wenyewe si ujirani.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Gemu hii ilitoka kwa PlayStation 5, Xbox mpya, Nintendo Switch na kompyuta, kwa bei ya dola 19.99. Ni bei nafuu kwa Ulaya. Kwenye vibanda nilivyokulia, mashine ilikuwa PlayStation 2 na mtoto alilipia kwa dakika. Gemu inayosema Kiswahili imesimama ng'ambo, inaonekana, inasikika, na wasemaji wake wengi hawana kile kinachofungua. Simlaumu msanii, mtu mmoja hawezi kufungua kila mlango. Lakini sisi wahakiki tunaopenda kuuliza kazi inamlenga nani, tusiache kuuliza hapa.

HITIMISHO

Nimejaribu kuonyesha kwamba mvuto wa gemu za kuvumbua njia unatokana na kurudi: kurudi mahali palepale ukiwa mtu mwingine. Nimeonyesha kwamba Hollow Knight inalifanya hilo kwa fani na Zau inalikusudia kwa maudhui, na kwamba dhana ya tukio katika fasihi simulizi inatusaidia kuziona zote mbili. Kama hiyo haitoshi kuziingiza gemu kwenye semina, basi angalau siku nyingine tusicheke.

Mwisho wa Zau sitausema, nisimwondolee mtu uhondo. Nitasema tu kwamba nilipoimaliza nilichukua karatasi nikaandika vituo vya baba kwa mpangilio, kutoka Nakonde hadi Kasumbalesa. Nikakuta kimoja nimekisahau, kati ya Serenje na Kapiri Mposhi. Nikampigia mdogo wangu simu Tunduma. Alikikumbuka: Mkushi. Tumekubaliana kutafuta pasipoti.